Maana ya Kijani

Mzee Deusdedit Rwegoshora aliingia ukumbini bila wakili. Akakiendea kiti kilichowekwa peke yake katikati ya chumba, akakisogeza kidogo ili mwanga wa dirishani usimpige machoni, akaketi. Mbele yake, kwenye meza ya Kamati ya Maadili, Atuganile Mwaisaka alijikuta amenyanyuka nusu kwenye kiti chake. Zamani, alipokuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, hakuna aliyekaa kabla Mzee Rwegoshora hajakaa. Hakuna aliyekuwa amekataza, ila ndivyo ilivyokuwa. Sasa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati na mzee ndiye mshtakiwa. Akajirudisha chini taratibu, akajifanya anaiweka sawa sketi yake.

Alikuwa ameomba aondolewe kwenye shauri hili. Alimweleza katibu wa Chama kwamba mtu huyu ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyempeleka kutembea mabondeni kwa miguu kabla ya kumruhusu kuchora mstari mmoja. Katibu alimjibu kwamba katika Chama kizima cha Wanamipango wa Miji na Mikoa hakuna mtu ambaye Rwegoshora hakumfundisha, na kama kila aliyefundishwa naye akijitoa, itabidi wakaazime mahakimu nje ya nchi.

Kulia kwake alikaa Yoramu Chilewa, mtu wa Dodoma, mrefu, mwenye sauti ya kusoma hukumu hata anaposalimia. Kushoto alikaa Bi. Ruqaiya Makame, aliyekuja kutoka Pemba, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Watu hao watatu ndio waliopaswa kusema kama mzee yule abaki na muhuri wake au avuliwe.

Kwa muda mrefu Chama hiki kilikuwa kama vyama vingine vya wataalamu. Kiliendesha mitihani, kikaandaa mkutano mkuu, kikakumbusha watu ada. Kilichokibadilisha ni maji. Mvua zilipoacha kufuata vipimo vya zamani, miji ya mabondeni ilichimbiwa mishipa, yaani mahandaki makubwa chini ya barabara yenye milango ya chuma, na ili kuisimamia mishipa hiyo ukawekwa mtambo walioupa jina la Mkadiriaji. Mkadiriaji aliisoma mvua ikiwa bado mlimani, akajua itafika wapi na kwa kimo gani. Mvua ya kawaida aliimaliza mwenyewe. Lakini ikinyesha kubwa kupita uwezo wa mishipa yote, ni lazima maji yapewe mahali. Yapewe mtaa mmoja, la sivyo mlango mkuu upasuke na mji wote uende.

Bunge halikutaka mashine iseme ni mtaa upi. Sheria ikatamka kwamba kuchagua ardhi ya kupokea maji ni uamuzi wa matumizi ya ardhi kama uamuzi mwingine wowote, na kwa hiyo utafanywa na mwanamipango aliyeapishwa na Chama chake. Tangu hapo kila mji wa bondeni ulikuwa na mtu mmoja mwenye muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa kitu kidogo kama punje ya mchele, ukipachikwa chini ya ngozi ya kiganja cha kulia siku ya kiapo. Mwenye muhuri akiweka kiganja juu ya meza ya ramani, mlango wa maji unafunguka. Asipoweka, haufunguki.

Na ramani ilikuwa ya rangi. Nyekundu ni mitaa iliyokubali kupokea maji. Wenyeji wake walihamia mabweni ya mlimani kila masika na kurudi mvua zikiisha. Kijani ni mitaa iliyoahidiwa kwamba maji hayatafunguliwa kwake, iwe iwavyo.

Katika masika yaliyopita, mjini Lukwale, Mzee Rwegoshora alifungua maji kwenye kijani.

Hakukana lolote. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anatoa taarifa ya ukaguzi. Familia moja ya Mtoni Chini, mtaa mwekundu, ilikuwa imefiwa na mama yao huko mabwenini. Wakateremka bondeni kumzika alipozikwa mumewe. Walijua hawaruhusiwi. Walidhani watawahi kupanda. Mvua ikamwagika mlimani bila dalili, barabara ya kupandia ikakatika, na kwenye ubao wa chumba cha ramani yakaonekana madoa ya joto la watu karibu arobaini, mengine madogo, ya watoto. Mlango mkuu ulikuwa unaanza kulia. Ulikuwepo mtaa mwingine mmoja tu wa kupeleka maji, Kichangani, nao ulikuwa wa kijani.

Atuganile alimuuliza mwenyewe. "Mkadiriaji alikuambia nini kuhusu Kichangani?"

"Kwamba maji yatafika magotini barabarani. Na kwamba vifo vitakuwa kati ya sifuri na vitatu."

"Na Mtoni Chini?"

"Wote."

"Kwa hiyo ulipoweka mkono ulijua."

"Nilijua, Mwenyekiti."

Chilewa akataka kujua kwa nini watu wa Kichangani hawakukimbia, maana king'ora kililia. Mzee akasema king'ora kilikuwa kikilia kila masika, na ni yeye mwenyewe aliyepita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wa kijani wasihangaike, king'ora si chao.

Aliyekufa alikuwa mmoja. Jina lake Mwantumu Dibwe, fundi cherehani, na baba yake alikuwa amekaa safu ya mbele tangu asubuhi, kofia yake ya kufuma mapajani. Mzee Kibwana Dibwe alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, na alizungumza polepole, akiwaangalia wanakamati mmoja mmoja. Alisema alizaliwa Mtoni Chini na hakuwa na haja ya kuondoka. Huyu bwana, akamwonyesha Rwegoshora kwa kidevu, ndiye aliyekuja sebuleni kwake zaidi ya mara moja, akanywa chai yake, akamwomba ahamie Kichangani kwa sababu umri wake haukumfaa tena kupanda na kushuka kila masika. Alimwambia kijani ni neno lake yeye na la Chama kizima. Basi akahama na binti yake. Kwa kuwa kwenye kijani inaruhusiwa kuchimba, wakachimba chumba cha chini, chenye ubaridi, Mwantumu akaweka cherehani zake humo. Siku ile king'ora kilipolia alicheka, akasema wa bondeni wanafukuzwa, akaendelea kushona sare za shule. Maji yaliingia kwa ngazi. Baba yake alikuwa juu. Aliuvuta mlango wa chumba cha chini mpaka kitasa kikabaki mkononi.

Hakulia. Aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kumuuliza mshtakiwa swali. Atuganile akamruhusu.

"Siku ile ikirudi," Mzee Dibwe alimwambia Rwegoshora, "utafanya nini?"

"Nitafanya vile vile, ndugu yangu."

Mzee Dibwe akaivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaketi.

Ndipo Rwegoshora alipomgeukia Atuganile na kusema kitu ambacho hakikuwa kwenye maelezo yake. "Msiniachie muhuri kwa sababu ya mvi zangu. Mkiniachia, kuanzia kesho kijani ni rangi tu. Hakuna mzee atakayehama tena akiambiwa hama, na hao watakufa wengi kuliko wote tunaowahesabu hapa."

*

Walijifungia katika chumba cha pembeni, wao watatu, na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

Kwa Chilewa jambo lilikuwa wazi. Mzee avuliwe muhuri, na Chama kiende mbali zaidi. Kwenye meza ya mkutano mkuu kulikuwa na hoja, na Serikali ilikuwa inaisubiri kwa hamu, kwamba mkono wa binadamu uondolewe kabisa. Ramani imeshachorwa, watu wameshakubali rangi zao, basi Mkadiriaji aifuate ramani bila kumngoja mtu. Ramani haioni watoto kwenye ubao ikaingiwa na huruma. Alisema hayo bila ukatili. Alisema hata yeye, angekuwa Lukwale siku ile, hana hakika angefanya nini, na ndiyo maana hataki tena mtu yeyote awekwe pale.

Bi. Ruqaiya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama wenzake wako tayari kuandika, kwa jina la Chama, kwamba watu arobaini waliokwenda kumzika mama yao walipaswa kufa maji. "Mimi kalamu yangu haitaandika hayo," alisema. "Mzee hakukosa."

Kura moja huku, moja kule. Atuganile akaomba watoke nje kidogo, akaenda kusimama barazani kwenye jua la mchana.

Kilichomtesa ni kwamba aliwaona wote wawili wako sawa. Aliufikiria ubao, na yale madoa madogo, akajua angefanya kama mwalimu wake. Halafu akamfikiria Mzee Dibwe na kitasa mkononi. Mtu huyu hakuvunja sheria yoyote. Aliambiwa hama akahama. Wale wa mazishi walijua wanacheza na hatari, ndogo au kubwa, na yeye alilipishwa hatari yao bila kuulizwa. Kumwambia kwamba Rwegoshora hakukosa ni kumwambia kwamba ahadi aliyopewa haikuwa ahadi. Na kumwambia kwamba mzee alikosa, basi mkono uondolewe, ni kuhakikisha kwamba hata wangekuwa mia moja mle bondeni, hata wangekuwa elfu, hapatakuwa na mtu wa kuwaona.

Aliporudi ndani aliwaambia uamuzi wake. Muhuri utavuliwa. Na kamati itapendekeza mkono ubaki.

Bi. Ruqaiya alimgeukia. "Basi nielimishe, mwanangu. Mkono unabaki wa nini, ikiwa ukitumika unaadhibiwa?"

"Ili awepo wa kuulizwa," Atuganile alisema. "Yule baba leo ameuliza swali na amejibiwa. Mkadiriaji hatuwezi kumweka kwenye kile kiti."

"Na anayeweka mkono aadhibiwe hata akiwa sawa."

"Akivunja kijani, ndiyo. Ajue hivyo anapouweka."

Bi. Ruqaiya alivuta mtandio wake mabegani. Alisema hukumu ya namna hiyo ni nzito kuihukumu na nzito zaidi kuiishi, lakini hataipinga.

Muhuri ulitolewa papo hapo ukumbini, kama kanuni zilivyotaka. Muuguzi alikitia ganzi kiganja cha mzee, akapasua kidogo, akakitoa kile kipande kwa koleo na kukiweka kwenye kisahani. Ilikuwa kazi fupi, isiyo na damu nyingi. Rwegoshora alikunja ngumi juu ya plasta, akasimama, akamfuata Atuganile mpaka mezani.

"Umehukumu vizuri," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sasa nani ataenda Lukwale?"

Hakuna aliyejitokeza. Chama kilitangaza nafasi ile, kikaitangaza tena. Wanamipango waliokuwa wakigombea miji ya mabondeni sasa waligundua wana wazazi wa kuuguza au masomo ya kumalizia. Mkutano mkuu ukaupitisha mkono ubaki, kwa kura chache, huku nusu ya waliopiga kura wakiomba Mungu wasiwe wao. Kiangazi kikawa kinaelekea mwisho na Lukwale bado haikuwa na mtu. Atuganile akajiuzulu uenyekiti wa kamati, akampa Chilewa, akaomba apangiwe yeye.

*

Alipofika Lukwale jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kwenda Kichangani kumsalimu Mzee Dibwe. Nyumba ilikuwa na kufuli. Jirani akamwambia mzee karudi kwao, bondeni.

Alimkuta Mtoni Chini, kwenye nyumba yake ya zamani, akipaka chokaa ukuta ambao kila masika ungeoshwa tena. Alimpokea kwa adabu. Akampa kiti na maji ya kunywa. Chai hakumpa, na Atuganile akaelewa.

Alimweleza alichojia. Masika hayako mbali, na asingependa kumkuta huku. Mzee alimsikiliza huku akifuta chokaa vidoleni. Akasema polisi wa kata walishakuja kumwambia hayo hayo, na kwamba wakimchukua atarudi, maana miguu anayo na njia anaijua.

"Mara ile nilihama kwa sababu niliamini," alisema. "Mama, hebu niambie, safari hii nihame kwa sababu ya nini? Maji yakija huku yananikuta. Nikienda kule, mtu akitaka, yananikuta vile vile. Bora nife kwangu."

"Nitafungua, Mzee," Atuganile alisema. "Mvua ikizidi nitafungua huku, hata ukiwemo."

"Mwenzako naye aliniahidi."

Hakulisema kwa hasira. Alikwenda kuchukua brashi yake akaendelea na ukuta. Atuganile alipanda ile njia ya kwenda juu, inayopita chini ya shule, akijua kwamba mzee hakumwamini. Jambo lililomtia baridi ni lingine. Hata yeye hakuwa na hakika kama alikuwa anasema kweli.

Masika yalipoanza, polisi walimtoa, akarudi. Wakamtoa tena, akarudi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfungia ndani mzee aliyefiwa namna ile.

Mvua kubwa ilikuja asubuhi, watu wakiwa makazini. Mlimani kulikuwa kweusi tangu alfajiri, na kabla chai ya saa nne haijanywewa Mkadiriaji alishatoa taarifa kwamba mishipa yote imejaa. Chumba cha ramani kilikuwa juu ya kilima, chenye dirisha moja refu. Katikati palikuwa na meza ya kioo yenye mji mzima ndani yake kwa rangi zake, na ukutani ubao wa joto. Pamoja na Atuganile alikuwepo mhandisi wa zamu, Bi. Hekima Ndunguru, mama mtulivu aliyeitumikia mishipa ile tangu ilipochimbwa, na aliyekuwepo pia siku ya Rwegoshora.

Mtoni Chini yote ilikuwa bluu, baridi, tupu. Isipokuwa doa moja.

Bi. Hekima akampa simu.

"Shikamoo, Mzee. Ni Atuganile, wa chumba cha ramani."

"Marahaba." Nyuma ya sauti yake mabati yalikuwa yakipigwa na mvua.

"Maji yamefika mlango mkuu. Nafungua kwako."

Mzee akauliza, "Huku tuko wangapi?"

"Uko peke yako."

"Na ukifungua Kichangani, mtambo wenu unasemaje?"

Angeweza kumdanganya. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumdanganya. "Unasema huenda asife mtu."

"Huenda."

"Ndiyo, Mzee. Huenda."

"Lakini utafungua huku."

"Nitafungua huku. Nakuomba utoke sasa hivi. Sitaweza kukusubiri sana."

Alimsikia akivuta pumzi. Alidhani atajibu. Badala yake ilisikika simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, kiti kikikwaruza sakafu, halafu mlango. Baada ya hapo ni mvua tu.

Doa likaanza kwenda. Lilitoka kwenye mraba wa nyumba, likafuata uchochoro, likashika njia ya shule. Mkadiriaji alihesabu kwa sauti yake tulivu isiyopanda wala kushuka, akitaja kimo cha maji nyuma ya mlango mkuu na uwezo wa chuma. Aliyeitengeneza sauti ile alitaka isimtishe mtu. Doa lilikwenda, likasimama. Atuganile alijua ni goti. Alikuwa amemwona akilisugua siku ile ya chokaa. Likaenda tena. Mstari mwekundu, ambapo maji yangeishia, ulikuwa unapita kwenye ngazi za shule, na doa lilikuwa chini yake, karibu kiasi kwamba mtu angelifunika pamoja na mstari kwa kidole kimoja.

"Bi. Mkubwa," alisema Hekima, "ni sasa."

"Bado."

Chuma kililia chini ya mji, wakakisikia kwa miguu. Sokoni, chini ya kilima, watu walikuwa wanakunja maturubai yao wakikimbilia barazani. Walikuwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna mtu amesimama mezani kwa ajili yake. Doa likasimama tena.

"Bi. Mkubwa."

Mkono ulikuwa tayari juu ya kioo, haujakigusa. Ungeweza kwenda kushoto, Kichangani, mwendo wa kiganja kimoja. Aliona wazi jinsi ungekwenda. Aliona na kile kiti katikati ya ukumbi, na yeye amekikalia, akijibu kama mwalimu wake alivyojibu, na kwa kitambo kile akatamani sana kukikalia.

Aliushusha mkono penye nyekundu.

Mlango ulifunguka. Hawakusikia kitu. Kwenye ubao, bluu nzito ya maji ilipanda bonde ikameza nyumba, uchochoro, njia, na doa likazimika. Bi. Hekima alifunika uso kwa khanga yake. Atuganile alibaki na kiganja mezani, kioo chini yake kikiwa na uvuguvugu, mpaka Mkadiriaji alipotangaza kwamba mlango mkuu uko salama na kumshukuru kwa ushirikiano.

*

Walimkuta Mzee Dibwe mchana, amejifunga kwenye vyuma vya ngazi za shule kwa shuka lake la kiunoni. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, yakamvunja mfupa wa bega, yakamwachia hapo. Kilichozimika kwenye ubao hakikuwa yeye, ni joto lake tu, lililofunikwa na maji baridi. Nyumba yake ilikuwa imekwenda, ukuta wa chokaa na yote.

Atuganile alipiga simu Dodoma siku hiyo hiyo, akamweleza Chilewa kwamba alifungua maji huku mtu akiwa bado ndani ya mstari, kwamba aliona, na kwamba anaomba aitwe mbele ya kamati. Chilewa alimpongeza kwa niaba ya Chama. Atuganile aliporudia ombi lake, Chilewa alimweleza kwa upole kwamba ramani imefuatwa na hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna shauri. Atuganile akauliza lingekuwepo kama mzee angekufa. Chilewa alifikiri, akasema hata hapo lisingekuwepo.

Alimpigia na Mzee Rwegoshora, aliyekuwa amerudi kwao Kagera akihudumia shamba la migomba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kama mkono wake ulitetemeka.

"Hapana," Atuganile alisema.

"Wangu ulitetemeka," alisema mzee. Baada ya hapo wakaulizana habari za familia.

Hospitalini alikwenda mvua zilipopungua. Mzee Dibwe alikuwa kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kifuani, kofia mpya kichwani ambayo mtu alikuwa amemletea. Atuganile alimwamkia. Hakukaa kitandani wala kwenye kiti. Alisimama miguuni pake.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe, Mzee. Nilipofungua ulikuwa bado hujavuka. Nilikuona."

"Najua. Nilikuwa kwenye yale maji."

"Sikuja kuomba radhi. Sijui kama ningeiomba kwa haki."

Mzee alitazama dirishani. Nje wauguzi walikuwa wakianika mashuka kwa mara ya kwanza tangu wiki ya mafuriko.

"Kichangani hayakufika," alisema mwishowe. Hakuwa anauliza.

"Hayakufika."

"Hata tone?"

"Hata tone, Mzee."

Alitikisa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayepima kitu mkononi. Kisha akasema akiruhusiwa kutoka atarudi Kichangani, kwenye nyumba aliyokaa na binti yake. Atakifukia kile chumba cha chini, atapanda mchicha uani, atakaa huko mpaka siku zake ziishe. Akiambiwa king'ora si chake, hatahangaika.

Atuganile alitaka kumshukuru, akaona haifai. Akaaga. Alikuwa ameshafika mlangoni pa wodi mzee alipomwita, si kwa jina, kwa kazi yake.

"Mama wa ramani."

Akageuka.

"Kwangu usije," alisema Mzee Dibwe. "Chai yangu sitaki uinywe. Wewe kaa kule juu, uwe unaangalia."